Maisha ya Mwalimu Ip Man, Mkimbizi Aliyefundisha Wengine



Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya wamisionari na wachungaji wa zamani. Leo nimeomba ruhusa ya kuleta mtu mwengine, Mchina, ambaye wengi wenu munamjua kushinda munavyojua somo la jiografia. Jina lake ni Ip Man. Munamjua juu ya filamu. Siku ya soko hapa Baraka, ukipita karibu na nyumba ya video unasikia vijana wanaita jina lake kwa kelele. Kiisha filamu, njiani, kila mmoja anarusha ngumi na mateke hewani.

Sababu ya kuandika njo hii. Wadogo wetu wawili walipigana nyuma ya darasa. Mwanzo ilikuwa mchezo tu, kila mmoja anajifanya Ip Man. Kiisha mmoja akatukana kabila la mwenzake, na mchezo ukaisha hapo. Mimi kama kapita niliwaachanisha, lakini nilichelewa, jino lilikuwa limekwisha kuvunjika. Nilipomuuliza aliyepiga, alisema ngumi ile amejifunza kwa Ip Man. Nikajiuliza: huyu Ip Man wa kweli, si wa filamu, alifundisha kitu gani? Nikatafuta habari zake. Niliyopata yalinishangaza, na ninataka tuyasome pamoja.

1. MTOTO WA TAJIRI

Ip Man alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1893 katika mji wa Foshan, jimbo la Guangdong, kusini ya nchi ya China. Wazazi wake walikuwa watu wenye mali. Hakukosa chakula, hakukosa nguo, wala hakukosa masomo.

Katika Foshan palikuwa mwalimu mmoja mzee, Chan Wah-shun. Kazi yake ya zamani ilikuwa kubadilisha pesa, sawa na wale wa kwetu wanaokaa sokoni na mafungu ya franka juu ya meza. Mzee huyu alifundisha namna moja ya mapigano ya Kichina inayoitwa Wing Chun, na mahali pa kufundishia alipanga nyumba ya ukoo wa Ip. Njo vile mtoto aliona mafundisho kila siku, akatamani. Alikuwa hajafika umri wa miaka 14 alipoomba kupokelewa. Chan alikwisha kuzeeka, na mtoto huyu akawa mwanafunzi wake wa mwisho.

Hapa tujue desturi yao. Mwalimu wa mapigano anaitwa sifu, na ndani ya neno hilo kuna neno baba. Wanafunzi wake ni ndugu. Aliyeingia kwanza ni kaka mkubwa, hata kama kwa miaka ni mdogo. Chan Wah-shun alipokufa kiisha miaka michache, mtoto Ip Man hakutupwa. Kaka yake mkubwa katika mafundisho, Ng Chung-sok, akamchukua akaendelea kumfundisha. Ni sawa na kwetu: baba akifa, kaka mkubwa anabeba wadogo wake.

2. MAPIGANO HAYA NI NAMNA GANI

Kwanza neno lenyewe, kung fu. Sisi tunafikiri maana yake ni kupiga. Kumbe kwa Kichina maana yake ni ufundi ambao mtu anaupata kwa kazi ya siku nyingi. Seremala hodari anayo kung fu yake. Mama anayepika vizuri naye anayo yake. Mvuvi wetu anayejua kutupa wavu usiku, ziwa likiwa na mawimbi, huyo pia Mchina angesema ana kung fu.

Aina za mapigano katika China ni nyingi sana. Kuna zile za kaskazini zenye mateke marefu na kuruka. Wing Chun ni ya kusini, na yenyewe inapenda mikono mifupi na ya haraka, karibu na mwili, na mateke ya chini. Mapokeo yao yanasema mwanamke mtawa aliyeitwa Ng Mui ndiye aliyeibuni, akamfundisha msichana Yim Wing-chun, na jina likatoka kwa yule msichana. Hayo ni mapokeo, si historia iliyohakikishwa. Lakini wadada wetu wa shule waone: hata katika hadithi, mapigano haya yalifanywa kwa ajili ya mtu mwenye nguvu kidogo kusudi asionewe na mwenye nguvu nyingi.

Mwanafunzi mpya hapewi mtu wa kupigana naye. Anaanza na mafundisho ya kwanza yanayoitwa Siu Nim Tau, maana yake wazo dogo. Anasimama mahali pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, miguu haisogei hata hatua moja, na mikono inafanya kazi polepole. Anarudia tena na tena, siku kwa siku. Wengi wanachoka hapo wanarudi nyumbani. Wanaobaki wanafika kwa Chum Kiu, yaani kutafuta daraja, ambapo wanajifunza kugeuka na kutembea, kiisha kwa Biu Jee, mafundisho ya vidole. Kuna pia mti uliochongwa sawa na mtu, wenye mikono mitatu na mguu mmoja, ambao mwanafunzi anaupiga na kuukinga kwa mpango. Mwisho kabisa njo fimbo ndefu na visu viwili.

Kuna tena zoezi la watu wawili linaloitwa chi sao, mikono inayoshikana. Wawili wanasimama uso kwa uso, mikono yao imegusana, na kila mmoja anajifunza kusikia kwa ngozi yake mwenzake anataka kwenda wapi. Mtu mwenye hasira hawezi kulifanya vizuri, maana mikono yake inakuwa migumu na mwenzake anamjua mara moja. Wenye haraka nao hawafiki. Sisi wa mji huu tunapenda kusema haraka haraka haina baraka. Wachina wanalijua jambo hilo bila kuufahamu mji wetu.

3. MWANAFUNZI MWENYE KIBURI

Ip Man alipokuwa na miaka kama 15 au 16 alikwenda Hong Kong, mji uliokuwa chini ya utawala wa Uingereza, akasoma katika shule ya St. Stephen's College. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1903 na wamisionari wa Kianglikana. Kwa hiyo Ip Man alipita katika shule ya Kiprotestanti sawa na sisi.

Mwenyewe aliwasimulia wanafunzi wake mambo ya wakati ule. Alikuwa amejivuna juu ya ufundi wake, maana vijana wenzake hawakumweza. Siku moja mwenzake akampeleka kwa mzee mmoja kusudi wajaribiane. Ip Man alifikiri atamaliza upesi. Mzee akamsukuma huku na huku bila shida, hata hakutoka jasho. Kumbe mzee yule alikuwa Leung Bik, mtoto wa daktari Leung Jan wa Foshan, naye Leung Jan ndiye aliyemfundisha Chan Wah-shun. Basi kijana aliyejiona amefika akakuta hajafika. Akainama, akaomba kuwa mwanafunzi tena.

Wapenzi, tunapenda sana kusoma juu ya ushindi. Mimi naona siku ile ya kushindwa njo ilimfanya kuwa mwalimu. Kama angekasirika akaondoka, leo tusingejua jina lake.

4. VITA NA MAMBO YA FILAMU

Kiisha miaka kadhaa Ip Man akarudi Foshan, akaoa, akapata watoto. Alikuwa na mali ya ukoo, kwa hiyo hakuhitaji kufundisha kusudi ale. Alijifunza na kuzoeza mwili kwa mapendo tu. Baadaye alifanya pia kazi ya polisi.

Mwaka 1937 majeshi ya Japani yakaingia China kwa vita kubwa, na mwaka 1938 yakaushika mji wa Foshan. Hapa filamu ya mwaka 2008 inaonyesha Ip Man akipigana mbele ya watu na jemadari wa Kijapani na kumshinda. Ndugu zangu, jambo hilo halikutokea. Ni hadithi ya filamu. Na yule Mwingereza mpiga ngumi wa filamu ya pili, naye ni hadithi. Jambo la kweli ni kwamba mtu tajiri aliingia katika umaskini pamoja na familia yake, sawa na majirani zake. Ngumi zake zote hazikuweza kuzuia jeshi lenye bunduki. Katika miaka ile ya 1940 alikubali kufundisha vijana wachache, kati yao Kwok Fu.

Nataka kusimama kidogo hapa, juu ni jambo linalotugusa. Mwaka 1900, Ip Man akiwa mtoto wa miaka 6, kulikuwa kaskazini ya China kundi la vijana waliojizoeza mapigano, ambao Wazungu waliwaita Maboksa. Walikuwa wakulima wenye njaa na uchungu juu ya wageni walioingilia mambo ya nchi yao, na uchungu ule ulikuwa na sababu. Lakini waliamini kwamba kwa mazoezi na maombi yao ya kienyeji risasi haziwezi kuingia miilini mwao. Waliua wamisionari na Wakristo wengi wa Kichina. Kiisha majeshi ya nchi 8 yakaja, na risasi ziliingia.

Sisi watu wa Fizi hatuwezi kuwacheka. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1964 na 1965, wakati wa Simba, vijana walinyunyiziwa maji wakaambiwa risasi zitageuka maji. Jina la Mai-Mai linatoka huko. Hata sasa kijana wa umri wetu anaweza kuambiwa maneno hayo. Mimi sihukumu mtu, maana wengine wanakwenda juu ya kuchoka na kuonewa. Nasema tu kwamba Ip Man, aliyejua mapigano kushinda karibu watu wote wa wakati wake, hakumdanganya mwanafunzi wake hata siku moja kwamba mwili wa mtu unazuia risasi.

5. MKIMBIZI

Vita ya Japani iliisha mwaka 1945, lakini Wachina wakaendelea kupigana wao kwa wao. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao Zedong alitangaza serikali mpya ya Kikomunisti. Siku ile Ip Man alitimiza miaka 56. Yeye alikuwa polisi wa serikali iliyoshindwa, kwa hiyo kubaki ilikuwa hatari. Akaacha nyumba, akapita Macau, akafika Hong Kong mikono mitupu.

Mke wake, Cheung Wing-sing, alibaki Foshan. Mwaka 1951 mpaka ukafungwa, na hawakuishi pamoja tena. Mama huyo akafa mwaka 1960, mume wake akiwa ng'ambo. Watoto wao wanaume wawili, Ip Chun na Ip Ching, walimfikia baba yao mwaka 1962 tu. Mwanaume yule alikaa zaidi ya miaka 10 bila kuwaona watoto wake.

Nani hapa Baraka anahitaji kuelezwa jambo hili? Mwaka 1996, na tena 1998, wazazi wetu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma. Wengi walikaa kambi ya Lugufu mpaka ilipofungwa mwaka 2009, na wengine Nyarugusu. Mimi mwenyewe mama alinizaa Nyarugusu. Kuna ndugu walioachana siku ya kukimbia wasionane tena. Tunaposoma kwamba mpaka ulifungwa na mke akabaki upande mwengine, hatusomi habari za China tu.

Basi mkimbizi wa miaka 56, aliyezaliwa tajiri, atakula nini? Rafiki alimpeleka kwenye chama cha wafanyakazi wa restora za Hong Kong. Kati yao alikuwa Leung Sheung, mwenye mwili mkubwa, naye mwenyewe alikuwa mwalimu wa mapigano ya aina nyingine. Alipoona ufundi wa mtu huyu mdogo wa mwili, akaacha mambo yake ya zamani akawa mwanafunzi wake. Mwaka 1950 Ip Man akaanza kufundisha pale, ndani ya chama cha watu wanaopika na kuosha sahani.

Fikirini heshima ya mtu yule. Zamani alikataa kufundisha, juu alikuwa mtoto wa watu wakubwa. Sasa anapokea pesa kidogo kwa vijana wenye kunuka mafuta ya kupikia, na anahama kutoka chumba hiki kwenda kile kila mara nyumba ikimshinda. Lakini vita haikuweza kumnyang'anya kile kilichokuwa ndani ya mikono na kichwa chake. Hata mtume Paulo, alipokuwa mgeni katika miji ya watu, alikula kwa kazi ya kushona hema.

6. WANAFUNZI WAKE

Katika miaka ya 1950 akaingia kwake kijana mmoja mkorofi, aliyependa kupigana barabarani. Alikuwa amezaliwa Marekani mwaka 1940, akakulia Hong Kong. Ninyi wote munamjua: Bruce Lee. Ip Man alimfundisha, na sehemu kubwa ya kazi ile aliifanya kaka mkubwa Wong Shun-leung, kufuata desturi niliyoeleza. Mwaka 1959 wazazi wa Bruce Lee, waliochoka na ugomvi wake, wakamrudisha Marekani akiwa na miaka 18.

Kule Seattle yeye naye akaanza kufundisha wengine. Wakati ule Wachina wengi hawakupenda kuwaonyesha watu wa mataifa mengine mapigano yao. Bruce Lee hakufuata hiyo. Mwanafunzi wake wa kwanza kule alikuwa Jesse Glover, mtu mweusi. Nilipofika hapo niliacha kusoma nikahesabu kwa vidole: daktari wa Foshan akamfundisha mbadilisha pesa, mbadilisha pesa akamfundisha mtoto wa tajiri, mtoto wa tajiri akawa mkimbizi akamfundisha kijana mkorofi, naye akamfundisha mtu mweusi wa Marekani. Mwisho wa mstari ule, aliyefundisha hakuuliza kabila la mwanafunzi wake.

7. SIKU ZAKE ZA MWISHO

Mwaka 1967 Ip Man na wanafunzi wake walianzisha chama cha Wing Chun cha Hong Kong. Kiisha akazeeka, na ugonjwa wa kansa ya koo ukamshika. Mwaka 1972, akiwa amekonda na siku zake zikiwa chache, alikubali apigwe picha za filamu nyumbani kwake. Filamu hiyo haina adui hata mmoja. Mzee mgonjwa anasimama, anafanya Siu Nim Tau, lile fundisho la kwanza la watoto, anafanya Chum Kiu, kiisha anakwenda kwenye ule mti wenye mikono mitatu. Alitaka tu wanaobaki wasipotee njia.

Alikufa tarehe 2 Desemba 1972, mwenye miaka 79. Bruce Lee alimfuata tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32 tu. Leo Wing Chun inafundishwa katika nchi nyingi za dunia.

8. NENO KWETU

Ndugu zangu, mimi sisemi tusitazame filamu. Nasema tujue ni nani tunayemfuata. Anayemtukana mwenzake na kumvunja jino hajajifunza kwa Ip Man. Anayetaka kumfuata, asimame kwanza mahali pamoja arudie fundisho moja mpaka mwili ukubali. Sisi hesabu za mwaka wa kwanza zinatushinda juu tunazirudia mara moja tu, usiku wa kuamkia mtihani.

Jambo la pili. Mwaka huu tumepokea wanafunzi wenzetu waliokimbia kutoka milimani. Wengine wanakaa nyuma ya darasa, hawana daftari, hawajui tumefika wapi katika masomo. Baadhi ya waalimu wetu walifundisha watoto wa wakimbizi kambini, ubao ukiegemezwa kwenye mti, na sisi tuliosoma mbele kidogo ndio kaka na dada wakubwa wa wadogo hawa. Nimekwisha kumwomba Bwana Prefe, naye amekubali: kila siku ya Jumatano kiisha masomo, darasa la mwisho litabaki wazi. Sisi wa mwaka wa mwisho tutasaidia kwa hesabu na Kifaransa mpaka tutakapokwenda kwenye Egzeta.

Wale wadogo wawili waliopigana nimewaomba wapange viti kila Jumatano. Juma lililopita walikuja wote wawili. Hawasemezani bado, lakini benchi zetu ni nzito, na benchi moja inabebwa na watu wawili.

Mungu awabariki wote.

Kapita wenu